Fundo Langu kwenye Mkia wa Nguva

Tangu nirudi kutoka Kiongoroni, kila anayeleta redio yake kibandani kwangu anataka kwanza asimuliwe. Nimesimulia mara mia, na kila nikisimulia nguva anazidi kukua. Jumatatu alikuwa na ukubwa wa ng'ombe. Ijumaa, baada ya sala, alikuwa amefikia lori la mkaa. Ndiyo maana nimechukua daftari, jamani. Nikishamwandika hawezi kukua tena, nanyi mtapata kilichotokea hasa, au karibu na hasa.

Kwa msomaji asiyenijua: mimi ni Athumani, fundi redio wa hapa Kibiti, mhitimu wa masomo ya jioni. Kidato cha nne nilikimaliza kwa taa ya chemli, ndevu zangu zikiwa zimeshatoka. Tangu ije hii ruksa ya biashara, maduka yetu yamejaa redio za Dubai zinazong'aa kama meno ya bwana harusi na kufa kabla ya fungate kwisha. Mimi ndiye ninayezifufua. Kwa hiyo Bi Rehema alipouliza fundi, alielekezwa kwangu na watu kumi na wawili.

Bi Rehema ni mtaalamu wa wanyama wa baharini, anatoka chuo kimoja cha Dar es Salaam. Mwembamba, ana miwani, na maneno yake ni machache. Kazi yake ni kumfunga nguva mkanda mkiani. Mkanda una kamba ya mita tatu hivi, na mwisho wa kamba linaelea boya dogo lenye redio ndani. Redio inalia tii, tii, tii, naye akiwa na kipokezi chake anajua nguva anakula wapi na anapita wapi. Nguva wamebaki wachache mno, na bila kujua wanakokaa huwezi kumwomba mtu yeyote awaachie nafasi.

Boya lake la kwanza lilinywa maji likafa. La pili antena ilivunjika na kamba ikasagika, likapotea. La tatu akaniletea mimi. "Fundi," akasema, "nataka lisiingie maji, lisivunjike, na lisikatike." Nikalijaza nta ya nyuki kutoka Mkongo hadi pasibaki hata tundu la kupita pumzi. Antena nikaitoa, nikaweka waya wa breki ya baiskeli, ambao ukiupinda unarudi. Kamba nikaitupa kabisa, nikaweka waya wa klachi ya pikipiki. Nililala usingizi wa mfalme.

Mwezi mmoja baadaye Bi Rehema akarudi, uso umemshuka. Boya lilikuwa linalia mahali pamoja bila kusogea, upande wa Kiongoroni. Mkuu wake alikuwa amemwambia kwamba hilo ndilo la mwisho: likipotea, au nguva akifa nalo, afunge mizigo.

"Twende wote, Fundi," akasema. "Kama kosa ni la redio, utaliona wewe."

Kibiti hadi Mtunda

Landrova ya chuo ilikuwa na umri wangu, ila mimi nimetunzwa vizuri zaidi. Tulipofika Mtunda rejeta ikachemka, ikapiga mluzi, ikatoa moshi kama treni ya mkoloni. Dereva akafungua boneti, akaifunga, akaenda kulala chini ya gari. Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Tuliondoka saa tisa.

Mama mmoja alikuwa anachoma mihogo kando ya njia. Tukanunua, tukala na nazi, na alipokuwa akigeuza mihogo macho yake yalikuwa kwenye sanduku letu la vifaa.

"Hilo nini?"

"Redio, mama," nikamjibu.

"Mnampelekea nani?"

"Nguva."

"Nguva wa baharini?"

"Huyo huyo."

Akaweka koleo chini. "Sisi hapa tumeomba redio ya shule mwaka wa tatu huu, nyie mnampa samaki!"

Bi Rehema akasema kwa upole, "Si samaki, mama. Nguva anazaa na kunyonyesha, kama sisi."

"Ananyonyesha? Basi ndiyo kabisa. Mwenye mtoto mchanga atapata wapi muda wa kusikiliza redio?"

Nikajaribu kumweleza kwamba redio ile haisemi naye, inatuambia sisi alipo. Hapo ndipo nilipoharibu. Mama alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Kumbe mnamchunguza mwanamke wa watu anakokwenda," akasema, na mihogo yote iliyofuata tulipewa ya upande ulioungua.

Mtunda hadi Nyamisati

Nyamisati barabara inaishia majini, na hapo ndipo alipotungoja Kombo, nahodha wa boti ya mashine tuliyoikodi. Ni mtu mrefu mwenye kicheko kinachosikika hadi Mafia. Aliponiona nashuka na viatu vya ngozi, akaviamkia.

"Shikamooni, viatu. Mnakwenda harusi gani?"

"Hivi vimeona shule kuliko wewe," nikamwambia.

"Vitaona na tope. Huko tunakokwenda tope limewahi kumeza mtu na baiskeli yake, kengele ikawa inalia chini kwa chini."

Nikajua nimepata mwenzangu. Jioni ile mkewe alitupikia wali wa nazi na kamba wakubwa kama ndizi, na kila nilipomaliza sahani aliijaza tena akiomba radhi kwamba ni kidogo. Bi Rehema alikula vijiko vinne. Alikuwa amekaa na kipokezi mapajani.

Nyamisati hadi tulipopwelewa

Mwalimu wetu wa jiografia alituambia delta ni mto uliogawanyika. Hakutuambia kwamba umegawanyika mara elfu tatu, na kwamba kila mkono wa mto unafanana na mwenzake: mikoko kulia, mikoko kushoto, kaa wekundu wanakupungia kutoka kwenye tope. Kombo alikata kona kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Ila alikuwa anasimulia habari ya shemeji yake na mamba, habari ilikuwa tamu, na alipofika mwisho wa habari maji nayo yalikuwa yamefika mwisho. Boti ikakaa juu ya tope, kimya, imepwelewa.

"Mpaka yajae tena," akasema. "Tungoje muda wa saa sita hivi."

"Si ulisema unajua maji?"

"Nayajua. Ila nilikuwa naongea na wewe."

Tukakaa. Mbu wa pale hawaumi, wanakusanya kodi. Bi Rehema akanyanyua antena yake ya mkononi, iliyofanana na mifupa ya samaki mkubwa, akaielekeza kusini. Kipokezi kikaamka: tii, tii, tii, tii.

Mimi nikashangilia. Redio yangu ilikuwa hai baada ya mwezi mzima! Nikampa Kombo mkono. Bi Rehema hakushangilia. Alikuwa anatazama saa.

"Fundi," akasema, "redio haipiti kwenye maji ya chumvi. Nguva akizama kula analivuta boya chini, mlio unakatika. Akipanda kuvuta hewa, unarudi. Mlio mzuri ni ule unaokatika." Akaitazama saa tena. "Huu nausikiliza robo saa sasa, haujakatika hata mara moja."

"Labda amelala," Kombo akasema.

"Nguva hakai juu ya maji hivyo akiwa mzima, nahodha."

Saa sita zile tulisikiliza tii, tii bila pumziko, na Kombo hakusimulia tena. Bi Rehema alizima kipokezi mara mbili, na mara zote mbili akakiwasha tena. Nilichokuwa najiambia moyoni ni kwamba waya wangu kwa vyovyote haukukatika. Hilo lilinipa faraja, Mungu anisamehe.

Kiongoroni, bandarini

Tulifika watu wakitoka kuswali alasiri. Bandarini kulikuwa na marundo ya boriti za mikoko zilizokatwa, na boriti moja ilisimikwa peke yake kwenye mchanga. Juu yake yalining'inia maboya kama sita, ya mbao na ya plastiki. La saba lilikuwa letu, likiwa linalia kipokezini hadi masikio yakauma.

Kombo akatueleza utaratibu wa pale. Boya lililookotwa halichukuliwi wala halifichwi, linatundikwa pale. Kila mvuvi ana fundo lake, na wenzake wanalijua kama mnavyojua sahihi ya mtu. Mwenye boya akija anasimama mbele ya watu, anashika fundo na kusema ni langu. Kombo alikuwa na jambo la pili la kutuambia, ila mimi nilishaanza kutembea.

Watu wakasogea. Aliyetoka mbele ni mvuvi wa makamo, mfupi, mabega mapana, kiganja cha kushoto kimefungwa kitambaa. Huyo ni Shomari, mwenye majarife, zile nyavu ndefu za kutega. Akashusha boya letu kutoka kwenye boriti. Mkanda wa mkiani bado ulikuwa umeshikamana nalo, umekatwa.

"Fundo hili la nani?"

Bi Rehema akaanza, "Samahani, kaka, hilo ni..." Nikamkatiza. Ningemwacha amalize, lakini mnanijua.

"Langu!" nikasema, nikapanda juu ya gogo ili na walio nyuma waone. "Fundi Athumani wa Kibiti. Waya wa klachi, umekunjwa mara tatu, umelehemiwa kwa risasi safi, juu yake mpira wa tyubu. Fundo hili hata tembo hakati!"

"Hata tembo," Shomari akarudia taratibu.

"Hata tembo na mkewe!"

"Nimeliona hilo." Akafungua kitambaa. Kiganja kilikuwa kimepasuka toka kidole gumba hadi kwenye kifundo, kidonda kimeanza kufunga.

Akasimulia bila kupandisha sauti. Asubuhi moja alikwenda kutazama jarife lake akakuta nguva jike, ana mtoto. Nguva mwenyewe alikuwa ameupita wavu kwa kando, ila boya lilimfuata likaingia kwenye macho ya wavu, waya ukazunguka mara mbili. Maji yalikuwa yanajaa. Kila alipopanda kuvuta hewa waya ulimrudisha.

"Anatoa pua, anarudishwa. Anatoa pua, anarudishwa. Mtoto anazunguka tu. Nikaruka na panga. Nikapiga ule waya, nikapiga, panga linadunda kama nampiga chuma, kumbe ni chuma kweli. Mwisho nikashika mkanda wenyewe, hapo mkiani, nikakata, na mkono wangu nikaukata humo humo. Akatoka, akakaa juu ya maji kama gogo. Nikasema basi, keshakufa." Akapumua. "Halafu akafanya puuh. Wakaenda, yeye na mtoto wake."

Mimi nilikuwa bado nipo juu ya lile gogo, na sikujua namna ya kushuka.

"Kwa hiyo ni lako," Shomari akasema.

"Ni langu," nikajibu, na safari hii walio nyuma hawakusikia.

"Ni letu," Bi Rehema akasema. Miwani yake ilikuwa mkononi. "Mimi ndiye niliyemwambia lisikatike. Yu hai kweli, kaka?"

"Yu hai. Juzi nimemwona na mtoto."

Akakaa pale pale kwenye mchanga, na gauni lake la kazi.

Ndipo Kombo akanipa lile jambo la pili: anayekiri boya mbele ya watu amekiri na lilichokifanya. Shomari alikuwa amekata jarife lake pima nne ili kumtoa yule mnyama, na mwenye fundo ndiye anayelishona, kwa mkono wake.

Kiongoroni, siku za sindano

Nilishona siku tatu. Naweza kulehemu waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto, lakini sindano ya wavu ilinidhalilisha. Siku ya kwanza Shomari alifumua kazi yangu yote. "Macho haya ya kupitisha ng'ombe," akasema. Siku ya pili alifumua nusu. Mkewe, Bi Asha, alituletea mchuzi wa chukuchuku wa samaki changu wenye ndimu na pilipili na ugali wa muhogo, akaniuliza kama huko Kibiti redio nazo nazishona hivi.

"Fundi akishona, samaki wanakuja kuhamia," Shomari akamjibu kwa niaba yangu. Nikaona amekwisha kunisamehe kidogo.

Bi Rehema alikuwa anafungasha. Niliona vifaa vinarudi sandukuni kimoja kimoja. Alisema hatamfunga nguva mwingine kitu kitakachomuua, na Shomari naye alikuwa ameshasema kwamba hakuna mvuvi wa Kiongoroni atakayesaidia kumkamata nguva kwa kazi ile tena.

Siku ya tatu nilifika pembeni mwa jarife, pale linapofungwa kwenye kamba ya nanga. Kamba ya nanga ni nene kama mkono. Lakini kati yake na wavu palikuwa na kipande cha uzi wa pamba, chembamba, urefu wa shubiri. Nikafurahi. Angalau na yeye ana kosa.

"Shomari, hapa umepitiwa. Uzi huu papa mkubwa akipiga, au gogo la mafuriko, utakatika."

Akanitazama kama mwalimu anayetazama mwanafunzi aliyelala. "Ndiyo kazi yake."

"Kukatika?"

"Sasa? Gogo likija, kitu fulani lazima kikatike. Nikikaza kila mahali utakatika wavu wangu, katikati, upotee wote. Nikiweka uzi hapa, unakatika hapa, nami kesho nafunga uzi mwingine. Nani anafunga kila kitu kwa chuma? Fundi redio peke yake."

Ndugu zangu, niliacha sindano ikining'inia. Nilikimbia hadi alipokuwa Bi Rehema, viatu vyangu nikaviacha kwenye tope ambako nadhani viko mpaka leo.

"Fungua sanduku," nikamwambia. "Tulitengeneza visivyo. Inatakiwa likatike!"

Alinielewa kabla sijamaliza, maana yeye amesoma mchana. Tukaweka kamba nyepesi badala ya waya, na kati ya kamba na mkanda shubiri moja ya uzi wa pamba. Swali likawa ni nyuzi ngapi zisokotwe pamoja: chache mno, boya linaondoka kwa wimbi tu, nyingi mno, yaleyale. Hapo mwalimu akawa Shomari. Alimfunga Kombo uzi kiunoni, mwisho wa pili akaushika mwenyewe, akamwambia avute kama nguva aliyeshikwa.

"Nyuzi nane." Kombo akavuta hadi macho yakamtoka. "Nene. Anakufa huyu," Shomari akasema.

"Nyuzi sita." Kombo akavuta, uzi ukang'ang'ania. "Bado. Kafa na huyu."

"Mnataka nife mara ngapi?" Kombo akalia.

Kwenye nyuzi nne nilijitolea mimi. Nikavuta, uzi ukasema tap, nikaingia topeni kwa kisogo na kijiji kizima kikaridhika. Shomari akauokota, akautazama ulipokatikia. "Huu," akasema. "Kwa huu nitakwenda."

Mlangoni mwa mto

Wanaume tisa, mitumbwi mitatu, Shomari mbele. Kule mlangoni kuna majani chini ya maji ambayo nguva wanayapenda kama sisi mchicha. Tulimzungushia mmoja wavu kwenye maji ya kifua: kijana, hana mtoto. Naapa, alituburuta wote tisa na mitumbwi, ingawa Kombo anadai ni mimi peke yangu niliyeburutwa. Bi Rehema alimfunga mkanda kwa dakika chache huku akimwambia pole, pole, tunamaliza. Ngozi ya nguva ni kama tyubu iliyolowa. Alinitazama kwa jicho dogo, nami nikaona haya.

Tukamwachia. Boya likaondoka nyuma yake, tii, tii, likazama, kimya, likatokea, tii, tii. Bi Rehema alishika kipokezi kwa mikono miwili. Mlio unakatika! Unarudi! Kombo akaanza kucheza.

Kisha tukaona anakokwenda. Mbele yake, limekatisha mlango wa mto, lilikuwa jarife la Shomari, lile lile nililolishona.

Nguva akazama, akapita chini ya pembe ya wavu. Boya halikupita. Lilifika kwenye wavu likanasa, likalala ubavu, na uzi ukanyooka, ukanyooka, maji yakatikisika. Shomari alikuwa ameshashika panga, mguu mmoja nje ya mtumbwi. Nilihesabu: moja, mbili, tatu.

Tap. Hatukuisikia, kwa umbali ule haiwezekani, ila wote tisa tutaapa tuliisikia.

Upande wa pili wa wavu, mbali kidogo, pua ikatokea. Puuh. Kisha ikazama na kwenda zake baharini.

Boya likabaki linaelea kwenye jarife, tii, tii, tii, bila kukatika. Kazi yetu yote ilikuwa imedumu chini ya robo saa. Nikamgeukia Bi Rehema nikijua nitamkuta analia, na kweli machozi yalikuwepo, ila alikuwa anacheka, anapiga ukingo wa mtumbwi kwa kofi. "Limekatika!" akapiga kelele. "Shomari, limekatika!"

Shomari akarudisha panga chini. Hakucheka. Alipiga kasia hadi kwenye wavu wake, akamrushia Bi Rehema boya lake, halafu akaanza kulikusanya jarife lenyewe ndani ya mtumbwi, pima kwa pima. Wale wenye nyavu jirani wakamuuliza anafanya nini.

"Mlango huu uwe wazi mpaka bamvua lijalo," akasema, yaani hadi maji makuu yajayo. "Wamfunge nguva mwingine, tuone anakokwenda." Mmoja akanung'unika, wa pili akamwambia nyamaza, na wote wawili wakaanza kuvuta zao.

Kurudi

Tulimfunga mwingine baada ya siku mbili, na nilipoondoka Kiongoroni, peku, mlio ulikuwa bado unakatika na kurudi kama inavyotakiwa. Landrova iliharibika tena Mtunda. Yule mama wa mihogo akauliza mwanamke wa watu kaonekana wapi. Nikamwambia tumemwachia aende anakotaka. Akanipa muhogo usioungua.

Njiani Bi Rehema aliandika taarifa ya mkuu wake, akanipa nikague. Ilisema boya la tatu lilikatika muda mfupi baada ya kufungwa upya kwa uzi, kwamba ndivyo lilivyotakiwa, na kwamba aliyeonyesha njia ni mvuvi wa Kiongoroni, jina lake limeandikwa. Nikamuuliza, "Hii si itakufukuzisha kazi?"

"Labda," akasema, akaikunja.

Wiki iliyopita dereva wa chuo alisimama kibandani na sanduku. Ndani mlikuwa na maboya mawili mapya kabisa, kibunda cha uzi wa pamba, na kikaratasi chenye mwandiko wa Bi Rehema: "Fundi, tafadhali, haya yafunge yakatike."